Subjuntivo ya Kihispania: Wewe Uliijua Kabla ya Nursery

Wasee, kuna kitu kimoja kinachofanya watu wengi wanaosoma Kihispania kwa simu wakate tamaa wakifika katikati: el subjuntivo. Ukifundishwa kwa Kiingereza, utaambiwa ni "mood" ya kutaka, mashaka na hisia, kisha urushiwe orodha ya sheria mpaka kichwa kiume. Maoni yangu ni haya: Kihispania hakina shida. Shida ni daraja tunalopitia kukifikia, na hilo daraja lina historia.

Tuanze mbali. Warumi walitua rasi ya Iberia mwaka 218 KK, wakaja na Kilatini. Kwa Kilatini, "amat" ni anapenda, "amet" ni apende. Irabu moja inabadilika na maana inahama kutoka jambo linalotendeka hadi jambo linalotakwa. Kihispania kikarithi hiyo tabia: "ama", "ame". Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yakaingia kutoka Afrika Kaskazini, na Kiarabu kikakaa Uhispania kwa karne nyingi. Ndiyo maana Mhispania akitamani kitu husema "ojalá", neno lililotoka kwa Kiarabu likiwa na maana ya "Mungu akipenda". Ni binamu wa inshallah yetu. Na baada ya ojalá, lazima subjuntivo ifuate: "ojalá llueva", inshallah mvua inyeshe.

Sasa Kiingereza. Kile cha zamani kilikuwa na mfumo huo pia. Lakini miisho ya vitenzi ikalika polepole, karne baada ya karne, mpaka yakabaki mabaki tu. "God Save the King" ni baki mojawapo: si "saves", kwa sababu ni ombi. "If I were you" ni lingine. Vingine vyote Mwingereza anapita na "I want you to go", na hiyo "go" haitingishiki. Kwa hivyo akikutana na "quiero que vayas", anashangaa kwa nini kitenzi kimebadilika sura. Mshangao wake ni halali kabisa. Lugha yake iliacha hii kazi kitambo.

Lakini wewe? Sema "Nataka uende." Umemaliza. Husemi "nataka unaenda", na hakuna mtu alikukalisha chini kukufundisha. Anasoma, asome. Analala, alale. Hiyo -e ya mwisho ni ya zamani sana katika lugha za Kibantu, na ndiyo maana utaipata hata kwa Kikuyu. Sasa angalia Kihispania: habla, hable. A inakuwa e, kama kwetu! Ni sadfa tu, lugha hizi hazina undugu, na vitenzi vya -er na -ir vinageuka kinyume (come, coma). Lakini akili yako tayari inajua mchezo.

Kuna kingine. Kumwambia mtu aongee ni "habla". Kumkataza ni "no hables", si "no habla". Sisi je? "Ongea", halafu "usiongee". Ile ile -e imerudi kwa kukataza.

Si kila mahali tunafanana. Sisi husema "sidhani atakuja", wao "no creo que venga". Sisi "nafurahi kwamba uko hapa", wao "me alegra que estés aquí". Mashaka na hisia kwao vinadai subjuntivo, kwetu havidai. Hapo ndipo nguvu zako ziende. Hiyo ya kutaka, kuomba na kukataza unayo tayari.

Mwaka 1847, Andrés Bello, mzaliwa wa Venezuela aliyekuwa akiishi Chile, alichapisha sarufi ya Kihispania kwa ajili ya watu wa Amerika. Alipinga tabia ya kukilazimisha Kihispania kivae nguo za Kilatini. Alitaka lugha ielezwe kwa jinsi yenyewe inavyofanya kazi.

Sisi bado hatujafika hapo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi watoto walivyoadhibiwa shuleni kwa kuongea Gikuyu, na wengi wetu tumesikia hadithi za kile kibao cha kuvalishwa. Kiboko kiliisha, lakini wazo lilibaki: kwamba Kiswahili na lugha za nyumbani ni za kupiga stori, na Kiingereza ndicho cha kufikiria. Matokeo yake, kijana wa Nairobi anayejua lugha tatu anasoma Kihispania kana kwamba alizaliwa London, na anajiona mzito wa kuelewa.

Chukua daftari. Upande mmoja andika Kihispania, upande wa pili Kiswahili, au Kikamba, au Kiluhya. Kiingereza kipumzike kidogo. Ukifika "quiero que estudies", andika "nataka usome", kisha uendelee na maisha.