Miwati, Misindano na Hewa ya Njombe na Makambako

Misitu inayoizunguka miji ya Njombe na Makambako haikupandwa kwa ajili ya hewa. Nyanda za Ubena, ambako mji wa Njombe umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, zilikuwa kwa sehemu kubwa uwanda wa nyasi, hadi mwaka 1949 lilipokuja Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza na kuanzisha kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyozoeleka kwa jina la TANWAT, ili ipande miwati, yaani miti ya jamii ya mgunga yenye asili ya Australia, ambayo magome yake hutoa tanini, kemikali inayotumika kusindika ngozi ili isioze. Mwati ulipokomaa uliangushwa, ukabanduliwa gome, gome likapelekwa kiwandani, na gogo lililobaki uchi likawa kuni au mkaa. Misindano na milingoti, iliyoenea baadaye hata katika mashamba ya wakulima wadogo, ilifuata hesabu hiyo hiyo ya biashara: mbao na nguzo za umeme.

Faida kwa hewa, basi, ilikuja kama nyongeza, tena haikuja pale ilipohitajika zaidi. Makambako, mji wa upepo mkali, ulipata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka ile iendayo Zambia. Kwa hiyo vumbi na moshi wa malori hukutana katikati ya makazi, ilhali miti mingi imesimama vilimani. Safu ya miti yenye majani mengi, ikipandwa baina ya barabara na nyumba, hupunguza kasi ya upepo na kunasa chembe za vumbi, ingawa matawi yakifunga juu ya mtaa mwembamba huweza kuuzuia moshi wa magari usitawanyike.

Gharama nazo zipo, na si ndogo. Mlingoti hunywa maji mengi, jambo linalozua malalamiko unapopandwa karibu na chemchemi, na msitu wa misindano ukishika moto wakati wa kiangazi huchafua hewa ya wilaya nzima. Lakini gharama kubwa zaidi imo ndani ya nyumba: katika baridi ya Juni na Julai jiko la mkaa huingizwa chumbani, madirisha yakafungwa, na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Mwaka 1995 TANWAT ilijenga mtambo wa megawati 2.5 unaochoma kuni na kuzalisha umeme, ambao sehemu yake iliuzwa kwa TANESCO. Gogo lililochomwa humo lilitoa moshi wake kupitia bomba refu, mbali na pua za watu. Linalochomwa jikoni halina bomba. Halmashauri inayotaka hewa safi ingefanya vyema kuanza na jiko na kandokando ya barabara kuu, kabla ya kuhesabu miche mipya vilimani.