Vijana wa kikapu waliokwenda kujaribu helmeti

Mwaka 1962 Cornell Green aliingia kambini kwa Dallas Cowboys akiwa hajui hata kuvaa vifaa vya kazi. Pedi za kukinga nyonga alizivaa nyuma mbele. Kijana huyu alikuwa mcheza kikapu wa Chuo Kikuu cha Utah State, na katika miaka yote ya chuo hakugusa futiboli: ile ya Kimarekani, ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Timu ya kikapu ya Chicago Zephyrs ilikuwa imeshamchagua. Cowboys walimpa dola 1,000 aje kujaribu, naye alisimulia baadaye kwamba nia yake ilikuwa kuzipokea, aachwe, kisha aende zake kwenye kikapu.

Hakuachwa. Alicheza misimu 13 kama beki wa Cowboys, timu hiyohiyo moja, na mara 5 akateuliwa kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Kwao vipaji havikuishia kwake. Kaka yake, Pumpsie Green, ndiye mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Boston Red Sox ya besiboli, mwaka 1959.

Cowboys hawakumfuata Green kwa kupenda vituko. Walikuwa na shida. Timu ilianzishwa mwaka 1960 wakati wenzao wameshagawana chipukizi wa vyuo wa mwaka huo, na msimu wa kwanza ukaisha bila ushindi hata mmoja. Mkuu wao wa kusaka vipaji, Gil Brandt, akaanza kupita kwenye viwanja ambavyo wenzake hawakuvitazama. Alikuwa anatafuta kijana mwepesi wa miguu, mwenye mikono ya uhakika. Alikotoka alicheza mchezo gani, hilo halikumsumbua. Njaa ndiyo iliyowafungulia mlango wacheza kikapu.

Baada ya Green walikuja wengine. Preston Pearson, aliyecheza kikapu Chuo Kikuu cha Illinois, alichaguliwa na Baltimore Colts mwaka 1967 na akafika fainali ya Super Bowl akiwa na timu 3 tofauti. Percy Howard wa Chuo Kikuu cha Austin Peay, naye mcheza kikapu asiye na mechi ya futiboli chuoni, alisajiliwa na Cowboys mwaka 1975. Msimu mzima hakudaka pasi hata moja. Halafu Januari 1976, kwenye fainali dhidi ya Pittsburgh Steelers, mrusha mipira wa Cowboys, Roger Staubach, akamrushia mpira wa yadi 34, akaudaka ndani ya eneo la kufungia. Cowboys walifungwa 21-17. Howard akaumia goti na hakucheza tena kwenye ligi. Ukifungua kumbukumbu zake utakuta amedaka mpira mara moja tu maishani, na mara hiyo ni bao la fainali.

Lakini mahali ambapo kikapu kilikuja kuibadilisha futiboli ni kwenye nafasi iitwayo taiti endi. Huyu hupanga mstari pamoja na wale majitu wa mbele, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kusukumana nao, pasi akipewa chache za karibu. Sasa mtazame mcheza kikapu chini ya ringi. Mpira umerushwa, umegonga chuma, uko hewani. Hakimbilii mpira. Kwanza humtafuta mpinzani kwa mgongo, humbana kwa makalio, hupanua viwiko kidogo, hukita miguu, ndipo huruka na kuunyakua mpira mahali ambapo mikono ya mwenzake haifiki. Ribaundi hiyo anaifanya mazoezini mara nyingi kila siku, tangu utotoni. Mpeleke kwenye eneo la kufungia mabao ya futiboli, beki akiwa mgongoni na mpira unashuka, atafanya kilekile. Beki anaweza kuwa na mbio kuliko yeye, ila mbio hazimsaidii kitu kama ameshawekwa nyuma ya mgongo.

Tony Gonzalez alikuwa na nafasi ya kujifunza yote mawili, kwa kuwa Chuo Kikuu cha California kilimruhusu acheze kikapu na futiboli. Kansas City Chiefs walimchukua mwaka 1997, na alipostaafu alikuwa amedaka mipira 1,325. Alikuwa na namna yake ya kushangilia: anapofunga huruka na kuuzamisha mpira juu ya mti wa goli. Mti ule wa kulala uko futi 10 kutoka ardhini, sawasawa na ringi ya kikapu. Miili ya waliotoka kwenye kikapu iliukumbuka urefu huo. Jimmy Graham alifanya hivyo mwaka 2013 pale Atlanta, goli likainama na mechi ikasimama lilipokuwa linanyooshwa. Mwaka uliofuata ligi ikapiga marufuku.

Graham huyo alicheza kikapu miaka minne Chuo Kikuu cha Miami. Sheria za michezo ya vyuo wakati huo zilimpa mwanafunzi miaka mitano, na mchezo mmoja ulimruhusu misimu minne, kwa hiyo aliyemaliza kikapu akiwa na mwaka mkononi aliweza kuutumia kwingine. Graham aliutumia kwenye futiboli mwaka 2009. Alidaka mipira 17, na 5 kati ya hiyo ilikuwa mabao. Hayo tu yaliwatosha New Orleans Saints kumchagua. Mwaka huohuo wa 2009 Greg Paulus, aliyekuwa akichezesha timu ya kikapu ya chuo cha Duke, alikwenda chuo cha Syracuse kuwa kotabeki, yule mrusha mipira wa futiboli. Timu ilishinda mechi 4, ikapoteza 8, na hakufika ligi kuu. Mlango ni uleule, lakini si kila aingiaye hukuta kiti.

Sisi Afrika Mashariki tunalo letu la kufanana na hili. Mwaka 2013 Daniel Adongo, mcheza raga kutoka Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza futiboli, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani.

Nimemwacha Antonio Gates mwisho kwa sababu kwake habari imekamilika kuliko kwa wote. Kijana wa Detroit, alianzia Michigan State akitaka kucheza michezo yote miwili. Kocha wa futiboli, Nick Saban, akataka aache kikapu. Gates akaondoka. Alihangaika vyuo viwili vingine kabla ya kutua Kent State, na mwaka 2002 chuo hicho kikazitoa kwenye kikapu Oklahoma State, Alabama na Pittsburgh hadi kufika timu 8 bora za taifa. Lakini alikuwa na urefu wa mita 1.93, na ligi ya kikapu ilimwona mfupi kwa nafasi aliyoicheza. Mwaka 2003 timu ya futiboli ya San Diego Chargers ilimpa mkataba kama mchezaji ambaye hakuna timu iliyomchagua. Mwaka wa pili tu akafunga mabao 13.

Watu huita hiyo bahati. Nakataa. Mtu aliyekaa misimu 16 na kudaka mabao 116, idadi ambayo hakuna taiti endi mwingine aliyeifikia, alikuwa na kazi yake tayari mwilini. Ilibakia kupata wa kumtazama.

Tarehe 2 Agosti 2025 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Futiboli mjini Canton, Ohio. Kent State iko jimbo hilohilo, chini ya saa moja kwa gari. Katika miaka yake ya chuo, huko na kwingineko, Gates hakucheza hata mechi moja ya futiboli.