Ujuzi wa Saa Tisa Usiku

Wengi wetu tukisikia neno historia tunafikiria wafalme, vita na mikataba. Mimi leo nasimulia historia ya mchezo wa kompyuta. Usicheke, bwana. Ndani ya mchezo huo nilimpotezea kaka yangu kitu ambacho hakuna duka linalokiuza, yaani muda.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 16, naishi kwa kaka mkubwa London. Kaka alikuwa dereva wa basi la usiku, na starehe yake ilikuwa moja tu: EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga za juu. Uliundwa na CCP, kampuni ya Reykjavík huko Iceland iliyoanzishwa 1997. Ili wapate fedha, vijana wale walitoa kwanza mchezo wa ubao, Hættuspil, mwaka 1998. EVE yenyewe ilifunguliwa tarehe 6 Mei 2003. Kabla yao, mwaka 1984, wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite: unapewa chombo na fedha 100, mengine utajua mwenyewe, biashara au uharamia. EVE iliurithi uhuru huo, ikawaingiza maelfu ya watu katika ulimwengu mmoja.

Kilichonishangaza ni jinsi watu walivyojifunza humo. Katika michezo mingine unaua maadui mia, unapanda cheo. EVE sivyo. Unachagua ujuzi, saa inaanza kuhesabu, na inaendelea hata ukizima kompyuta ukaenda kulala. Kila ujuzi una ngazi 5. Kwa ule mwepesi kabisa, ngazi ya kwanza inataka pointi 250, ya tatu jumla ya 8,000, ya nne 45,255, ya tano 256,000. Piga hesabu mwenyewe: ngazi ya mwisho peke yake inakula zaidi ya robo tatu ya muda wote, na mara nyingi faida unayoongezewa ni ileile uliyopata ngazi ya kwanza. Kaka alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, fika ya tatu au ya nne, kisha shika ujuzi mwingine. Ya tano mwachie mtu anayejua anakokwenda."

Siku zile hapakuwa na foleni ya mafunzo. Ujuzi ukimalizika saa tisa usiku, saa inasimama mpaka mtu aje achague mwingine. Kaka yuko kwenye usukani. Basi mimi ndiye niliyeamka, nikanyata gizani nisimwamshe shemeji, nikabonyeza, nikarudi kitandani. Foleni ya saa 24 ilikuja Machi 2009. Kwangu ilichelewa.

Katika kuamka huko nikapata hamu ya kucheza. Akaunti moja ilikuwa na nafasi ya wahusika 3, lakini aliyeweza kufunzwa kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Kaka alimsimamisha wa kwake ili wa kwangu asome. Ada ya mwezi alilipa yeye. Hakufanya hotuba. Alisema tu, "Haya, soma wewe."

Nikaanza kazi. Unakwenda kituoni kwa wakala, anakutuma. Wakala wa ngazi ya 1 meli ndogo inamtosha. Ukimfanyia vema imani inaongezeka, unapanda kwa wakubwa wake. Ngazi ya 4 watu huiendea na manowari. Kosa la wageni, na langu pia, ni kuikimbilia manowari kabla ya kujifunza ngao, umeme na mizinga yake. Kaka alinionya mambo matatu: soma maelezo ya kazi mpaka mwisho, usirushe chombo usichoweza kukinunua tena, na lipia kloni yako. Kloni ni mwili wa akiba. Ukiuawa unaamkia humo, na enzi hizo ya bure ililinda pointi 900,000 tu. Zaidi ya hapo ulilipa, ama ulipoteza.

Nilisikia nikajifanya sikusikia. Siku moja wakala alinituma na mzigo kwenye mfumo wa jirani, ambako polisi wa CONCORD hawaendi kumsaidia mtu. Mchezo ukanionya. Ningeweza kukataa, maana kila saa 4 uliruhusiwa kukataa kazi moja ya wakala bila kumchukiza. Nikaenda. Watu wawili walikuwa wananisubiri langoni. Meli ikalipuka, kisha kile kijumba cha rubani nilichobaki nacho. Kloni sikuwa nimeilipia. Nilipoamka kituoni, sehemu ya pointi zangu ilikuwa imefutika, pointi zilizosomwa wakati wa kaka amesimama.

Alfajiri alirudi, nikamwambia. Akakaa na sare yake, akaitazama skrini kimya.

"Walikuwa wangapi?"

"Wawili, kaka."

"Ukitokea langoni huonekani kwa muda mfupi, mradi usisogee. Uliangalia orodha ya waliomo kabla hujasogea?"

"Sikuangalia."

"Haya. Kesho utaangalia."

Akamwacha wa kwangu aendelee kusoma. Hilo ndilo lililoniliza, si meli.

Tangu hapo sheria nyingi zimebadilika. Zamani wazee wa mchezo walimshauri mgeni asome kwanza ujuzi wa kujifunzia, wiki nzima nzima, ndipo aguse mizinga. Ujuzi huo ukafutwa Desemba 2010. Adhabu ya kloni iliyonipata iliondolewa Desemba 2014. Februari 2016 ikawezekana kununua pointi za mwenzako, na Novemba mwaka huohuo mlango ukafunguliwa kwa wasiolipa ada.

Hivyo wewe unayeanza, saa haitakutesa kama ilivyotutesa sisi. Lakini pointi za kununua hazikufundishi kusoma maelezo ya kazi wala kuangalia orodha. Anza na meli ndogo, ipoteze, nunua nyingine, na ukifika langoni usisogee kwanza. Na kama kuna mtu aliyesimama ili wewe usome, lipia kloni.