Mti wa Ukumbusho katika Nchi ya Ufipa

Apandaye kutoka bonde la Ziwa Rukwa hadi uwanda wa juu wa Ufipa hustaajabia jambo moja: nyasi ni nyingi, miti ni haba, na upepo wa Julai hauna wa kuuzuia. Kwa hiyo kupanda mti wa ukumbusho, ambako pengine huwa pambo tu la siku ya Uhuru, hapa Sumbawanga kuna uzito wa peke yake.

Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga kwa udongo tanuri refu lililoitwa ilungu, lenye kimo cha kama meta 3. Ndani yake walipanga makaa na mawe ya chuma, kisha wakawasha moto. Hapakuwa na mivukuto; matundu ya chini yalivuta hewa, na tanuri likapumua lenyewe. Kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Humo yalizaliwa majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo ilizimika katika karne ya 20, chuma cha kigeni kilipojaa masokoni. Lakini makaa hayakushuka mbinguni: kila ilungu lilikula miti. Sifa ya wahunzi na upara wa uwanda huu vina undugu, ingawa moto wa nyika na jembe navyo vilitia mkono.

Upandwe mti gani, basi, kuiheshimu historia hiyo? Mara nyingi tumepanda mkaratusi au msindano, kwa kuwa hukua upesi. Sina ugomvi nayo. Imetupa nguzo na mbao. Ila jirani zetu wa Kenya, mahali bendera yao ilipopandishwa mara ya kwanza mwaka 1963, walipanda mugumo, mti ambao Wakikuyu waliuheshimu tangu enzi. Nasi tunao myombo, uliowapa wahunzi makaa. Ungefaa kusimama Milansi, makao ya ufalme mkongwe wa Ufipa.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kupanda mche mbele ya ofisi moja. Hotuba zilikuwa tatu, ndoo ya maji moja. Kufika Agosti mche ulikuwa kijiti, na mbuzi wakamaliza kilichobaki. Bamba lenye tarehe bado lipo. Apandaye tarehe 9 Desemba, mvua zikiwa zimeanza, hana budi kumteua siku iyo hiyo atakayemwagilia mwezi Julai. Na wanafunzi wa shule ya jirani wasimuliwe habari za ilungu wakiwa na ndoo mikononi.