Ndege wa delta ya Ruzizi: ni nani, wanakuja lini, na kwa nini ufuko unawahusu

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, pale Bukavu, na unaishia katika Ziwa Tanganyika, katikati ya Uvira na Bujumbura. Mbele ya kuingia ziwani unagawanyika: Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo. Hapo ndipo kuna kinamasi cha matete, mafunjo, vidimbwi na mchanga. Burundi inalinda sehemu yake tangu 1980. Leo inaitwa Parki ya Taifa ya Rusizi (kule wanaandika na "s"). Mwaka 2002 delta iliingia pia kwenyi mapatano ya Ramsar, yenye kulinda maeneo ya maji dunia nzima. Upande wa Kongo, kuelekea Kavimvira na Kiliba, hakuna parki. Lakini ndege hawaulizwi jetoni kwenyi mpaka, wanalala huku na kula kule.

Wengine ni wakaaji wa mwaka mzima: furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayevua samaki; mwari; yangeyange wanaofuata ngombe; na ndege mdogo wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya maji bila kuzama. Wengine ni wageni. Kuanzia mwezi wa tisa wanatoka Ulaya na Asia kwa kukimbia baridi, wanarudi mwezi wa tatu ao wa ine. Kati yao kuna mbayuwayu, na makundi ya ndege wa miguu mirefu wenye kuchomachoma matope wakitafuta wadudu.

Mwenye kutaka kuwaona aende asubui mapema, mbele ya jua kuwa kali. Darubini inasaidia, hata ya zamani. Asikae karibu na maji: viboko ni wengi, na mamba pia. Ni katika maji haya jina la Gustave, mamba mukubwa, lilijulikana hadi ngambo. Na mbele ya safari ni vizuri kuuliza hali ya usalama na kama mpaka uko wazi.

Kuna ndege mmoja ambaye anaeleza shida yote ya delta. Ni mweusi juu, mweupe chini, na mdomo mwekundu ambao sehemu ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Anaruka karibu sana na maji, mdomo wazi, ule wa chini unapasua maji kama kisu. Ukigusa kasamaki, unafunga. Ndege huyu hajengi juu ya muti. Anachimba kashimo ndani ya mchanga mtupu na kutaga humo. Mchanga ukifunikwa, hana pa kutaga.

Na mchanga umefunikwa. Miaka hii ya nyuma ziwa limepanda, na mwaka 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba Uvira na Gatumba. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, kwa hiyo mvua ikizidi maji hayashuki haraka. Watu waliofukuzwa na maji wanatafuta udongo mukavu wa kulima na kuchungia ngombe, na ule uliobaki uko pembeni ya kinamasi. Matete yanakatwa kwa kujenga na kuzungushia lupango. Hakuna wa kulaumu kirahisi hapo. Lakini matete ndiyo yanashika udongo wa kando ya mto na kuvunja nguvu ya mawimbi, na ndani yake samaki wanazalia.

Umusambi, yule korongo mwenye taji, anapata shida mara mbili: kinamasi kinapunguka, na vifaranga vyake vinakamatwa kwa kuuzwa. Duniani amewekwa kati ya ndege wenye kuwa hatarini.

Wakulima wa mpunga wa Luberizi na Kiringye hawasikii sifa za ndege kwa urahisi, na wana sababu: watoto wanashinda shambani wakifukuza tundege tunaokula mpunga. Ila tundege tule tunakula mbegu. Furukombe na mwari wanavua samaki, na yangeyange anakula panzi.