Kiarabu Tulichokidhani Chetu

Mhariri aliponiomba niandike juu ya historia ya somo la Kiarabu pwani kwetu, nilikubali upesi, maana nina deni. Somo hilo nilifaulu vizuri sana Kidato cha Nne, na wenzangu tuliolala bweni moja watakumbuka jinsi nilivyojivuna. Deni lenyewe nitalieleza mbele.

Mtoto wa pwani huanza Kiarabu kabla hajajua kwamba ameanza. Hupelekwa chuoni, hufundishwa herufi na irabu, huingia Juzuu Amma, na akijaaliwa huhitimu msahafu mzima. Akifika miaka 10 anaweza kusoma ukurasa wowote kwa sauti ya kupendeza, wala asijue maana ya neno hata moja. Silaumu chuo. Kazi yake ilikuwa kufundisha kusoma Kurani kwa usahihi, na kazi hiyo kiliifanya. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotoka pale tukidhani tumekwisha jua lugha.

Waliotaka kuendelea waliingia darsa za misikitini, kama zile za Riyadha huko Lamu. Huko walikutana na al-Ajurrumiyya, kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fes, aliyefariki 1323. Aliyekimaliza, aghalabu alitwikwa Alfiyya ya Ibn Malik, yenye beti zipatazo 1,000 za kuhifadhi kwa moyo. Mfano mashuhuri wa walimu wa nahau ni kwamba Zaid amempiga Amr. Karne nyingi sasa Zaid anampiga Amr, na sijapata kusikia Amr alikosa nini. Mwanafunzi aliweza kukueleza kwa nini jina la Zaid lina dhuma na la Amr lina fataha, lakini akashindwa kununua mkate kwa Kiarabu.

Hata hivyo njia hiyo ngumu ilitoa wanazuoni wakubwa. Sayyid Ahmad bin Sumait wa Unguja (1861–1925) alitunga vitabu kwa Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliliandika kwa Kiarabu na Kiswahili pamoja. Naona alijua vizuri ni wangapi kati ya wasomaji wake wangeifuata lugha ya kwanza bila ya pili.

Herufi ni habari nyingine, na hapa naomba vijana mlioko madarasani mtulie kidogo. Wazee wetu walitumia herufi za Kiarabu kuandikia Kiswahili chao wenyewe. Barua kutoka Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ziliandikwa hivyo. Herufi za Kilatini zilipata nguvu kwa wamisionari, kisha kwa shule za serikali ya Kijerumani, kama ile ya Tanga iliyofunguliwa mwaka 1892. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, vitabu vya shule vilikuwa vya Kilatini. Lakini watu hawakutupa kalamu zao siku moja. Mikataba, wasia na barua za mapenzi ziliendelea kuandikwa kwa mkono wa zamani kwa miaka mingi.

Narudi shuleni kwetu. Mwalimu wetu wa Kiarabu alikuwa amesoma Khartoum, mji wenye chuo maalumu cha kuwaandaa walimu wa Kiarabu kwa wasiokuwa Waarabu. Siku ya kwanza alituambia, "Wanangu, hii si lugha yenu. Ni ya kigeni kama Kifaransa." Tulinung'unika sana, hasa sisi wa chuoni. Akamwita mmoja wetu aseme "moyo wangu" kwa Kiarabu. Yule kijana akasema "kalbi". Mwalimu akacheka hadi akavua miwani: moyo ni qalb, kwa kaf ya kooni, kalb ni mbwa.

Akaendelea na "tafadhali". Sisi huitumia tunapoomba. Mwarabu husema "tafaddal" anapokupa kitu au kukukaribisha. "Ahsanta" huambiwa mwanamume, na mwanamke huambiwa "ahsanti", ambapo sisi tunamwambia kila mtu "ahsante". Tukaona kwamba maneno tuliyoyachukua kwa jirani tumeyashona upya kwa mwili wetu. Na tuliposikitika, alitueleza kwamba Sibawayh, imamu wa nahau aliyeishi Basra karne ya 8, alikuwa Mwajemi. Ibn Ajurrum naye alikuwa Mberberi. Wote wawili walikisoma Kiarabu kama wageni.

Sasa deni langu. Miaka michache baada ya kuajiriwa, niliwekwa katika ofisi inayoshughulika na ardhi, katika mji mmoja wa pwani. Alikuja mama mjane na karatasi ya babu yake, ya mwaka 1341 wa Hijra, yaani 1922 au 1923. Juu kulikuwa na Bismillahi, na chini majina ya mashahidi. Wenzangu wakasema, mpeni msomi wa Kiarabu. Nilikaa nayo siku mbili na kamusi. Nikakuta neno "mibaka", nikalitafuta katika mzizi wa kulia, nikadhani ni habari ya msiba. Mwisho niliandika katika faili: "Hati ya Kiarabu, haisomeki."

Mama yule aliondoka bila neno. Baada ya mwezi alirudi na mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja. Mzee aliishika karatasi mbali na macho akaisoma mfululizo. Ilikuwa Kiswahili kitupu. Kwa kuwa Kiarabu hakina p, mwandishi alitumia b: "mibaka" ilikuwa mipaka. Minazi 12, upande wa kusini hadi kisima, imeuzwa na kulipwa.

"Bwana mkubwa," mzee akaniuliza kwa upole, "wewe ulikuwa ukisoma lugha gani?"

Nililifuta neno langu katika faili, nikaandika maelezo mapya kwa imla ya mzee, naye akatia dole gumba chini yake. Hata hivyo, katika mwezi ule jirani alikuwa amekwisha kata minazi minne.