Megabaiti kwa Saa ya Hesabu: Ukokotoaji wa Kujitolea katika Vyuo Vikuu vya Nairobi

Hoja ya kupinga ukokotoaji wa kujitolea katika vyuo vikuu vyetu huanzia kwenye bandiwidhi na mara nyingi huishia hapo hapo. Mwanafunzi anaposakinisha BOINC, mfumo ulioanzishwa Berkeley, California, mwaka 2002 ili kompyuta zilizokaa bure zifanye hesabu za watafiti, msimamizi wa mtandao huona mashine inayowasiliana na seva ya ng'ambo bila mtu mbele yake, naye huifungia. Hofu hiyo ina chimbuko. Kabla mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS haijaanza kazi Mombasa mwaka 2009, vyuo vilitegemea setilaiti, na megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Lakini hofu hiyo ingali inatumia kipimo cha enzi ile. Inauliza kama programu inagusa mtandao, ilhali swali lenye maana ni hili: kila megabaiti inayopita inazaa saa ngapi za hesabu?

Chukua SETI@home, mradi uliosaka mawimbi ya viumbe wa mbali tangu 1999 hadi ulipoacha kugawa kazi Machi 2020. Kipande kimoja cha kazi yake ya awali kilikuwa kilobaiti 340 hivi, na matokeo yaliyorudishwa yalikuwa madogo zaidi. Tuseme maabara ina kompyuta 60, na kila moja humaliza kipande kwa saa nne. Kwa siku nzima maabara ingepakua vipande 360, yaani takriban megabaiti 122. Ukizitandaza kwa saa 24, ni kama kilobiti 11 kwa sekunde. Saa moja ya filamu ya ubora wa juu hula karibu gigabaiti tatu. Kuzuia mradi wa aina hii kwa sababu ya bandiwidhi, huku filamu zikipita, ni kuziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Kipimo kibovu kimewahi kumfikisha mtu mahakamani. Katika jimbo la Georgia, Marekani, msimamizi wa kompyuta wa chuo cha ufundi alishtakiwa kwa kuweka programu ya distributed.net, mradi mwingine wa ukokotoaji wa kujitolea, kwenye mashine za chuo, na upande wa mashtaka ukadai bandiwidhi iliyotumika ilikuwa na thamani ya senti 59 kwa kila sekunde, hadi hasara ikapita dola 400,000. Kesi iliishia kwa makubaliano mwaka 2002, akilipa kiasi kidogo mno kikilinganishwa na dai hilo. Hata hivyo alikuwa na kosa moja la kweli: hakuomba ruhusa. Kujitolea ni kwa mwenye mali, na kompyuta za chuo si mali ya msimamizi wala ya mwanafunzi. Idhini ya maandishi ni sharti la kwanza, na wanaopinga kwa msingi huo wana haki kamili.

Ugumu halisi uko kwingine. Ipo miradi mizito, na mmojawapo ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kilianzisha Mradi wa Mvua za Afrika kupitia World Community Grid, jukwaa la ukokotoaji wa kujitolea, ili kuiga mvua za kusini mwa Sahara kwa vipimo vya kilomita moja. Mvua zetu nyingi ni za radi, zinazonyesha mtaa mmoja na kuuruka wa pili, na mifumo ya kawaida ya utabiri huzipoteza. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyobomoa makazi kando ya mto Mathare yanaonyesha uzito wa suala hili kwa Eastlands. Ila kila kazi ya mradi huo hurudisha makumi ya megabaiti. Je, nao ufungiwe? Sidhani. Nyaya za vyuo zilizounganishwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa 1999, hubeba pande zote mbili, na wanafunzi hupakua zaidi ya wanavyopakia. Njia ya kupakia basi ina nafasi, hasa usiku wa manane. BOINC yenyewe huruhusu kuweka kikomo cha kasi, kiwango cha megabaiti kwa siku kadhaa, na saa za kuwasiliana. Kuchagua saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri ni suala la dakika chache.

Hoja hiyo haivuki lango la chuo. Mwanafunzi anayekaa chumba cha kupanga katika mitaa kama Pipeline au Umoja, akigawana Wi-Fi na majirani wa ploti nzima, hana njia ya kupakia iliyo tupu. Tena ananunua tokeni za umeme. Laptopu ikiongeza wati 25 kwa saa kumi kila usiku, na uniti ikiwa shilingi 25, atalipa karibu shilingi 190 kwa mwezi, na hizo ni nauli za matatu. Kwa maabara ya mashine 60, ziada ya wati 40 kila moja ni uniti 24 kwa usiku, yaani shilingi 600. Umeme, basi, ndio gharama ya kujadiliwa na baraza la chuo; bandiwidhi imekuwa ikibeba lawama isiyo yake.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba tunawafanyia kazi watafiti wa ng'ambo. Malariacontrol.net, chini ya mpango wa Africa@home mwaka 2006, ilihesabu maambukizi ya malaria barani Afrika kwa mfumo uliobuniwa Basel, Uswisi. Manufaa yake nayakubali, na pingamizi pia nalikubali. Jibu ni kumiliki seva. Programu ya seva ya BOINC ni huru na bure, na mawasiliano baina ya vyuo vya Kenya hupita ndani ya KENET bila kugusa mkonga wa baharini, hivyo hata mafaili makubwa yanavumilika. Idara ya Sayansi ya Dunia na Tabianchi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na maabara za Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale Haile Selassie, zingeweza kugawana hesabu za mvua ya Mathare, Kayole na Dandora. Kinachohitajika ni mtaalamu wa kudumu wa kuitunza seva hiyo, na kila kipande kupelekwa kwa mashine mbili ili majibu yalinganishwe kabla ya kuaminiwa.